Kifaransa cha Vurra hakikuletwa na Wafaransa

Lori linalotoka Arua na sabuni, saruji na magodoro kwenda Ariwara hupita Vurra, na likishavuka tu dereva huhama upande wa barabara, kutoka kushoto kwenda kulia. Karatasi nazo huhama. Za upande wa Uganda ni za Kiingereza, za upande wa Congo ni za Kifaransa. Katikati yupo mama mwenye mzigo, Mlugbara, mwenye shangazi upande wa pili, anayeijua bei ya kila kitu katika shilingi, faranga na dola, lakini karatasi hizo mbili humpa mtu mwingine amsomee. Akiambiwa pameandikwa alipe, hulipa.

Watu husema hayo ni matunda ya Mwingereza na Mfaransa kugawana Afrika. Ni kweli, ila si kwa namna inavyodhaniwa. Ufaransa haikuwahi kutawala hata shamba moja West Nile. Ilichofanya ni kuitisha Uingereza, na hofu hiyo ndiyo iliyochora mpaka.

Mwaka 1894 Waingereza walikuwa na wasiwasi kwamba Wafaransa, wakitokea magharibi, wangefika Nile ya juu na kushika maji yanayoilisha Misri. Wenyewe hawakuwa na askari wa kutosha huku. Wakatafuta wa kuziba njia, wakampata Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye Congo kama mali yake binafsi. Kwa mkataba wa Mei 12, 1894, walimkodishia ukingo wa magharibi wa Nile kuanzia Ziwa Albert hadi Fashoda, kwa muda wa uhai wake. Nchi nzima, yenye watu wake, ilikodishwa kama chumba cha duka, na mwenye kodi akifa chumba kinarudi. Hakuna mzee wa Kakwa wala wa Lugbara aliyeulizwa.

Ufaransa ilikasirika. Agosti mwaka huohuo ilimbana Leopold akaacha sehemu kubwa, akabaki na kipande kilichoitwa Lado, ambamo Arua na Koboko za leo zimo. Kisha Wafaransa wakaendelea na safari yao. Kapteni Marchand alifika Fashoda Julai 1898 na kikosi kidogo, baada ya kuvuka bara kutoka pwani ya Atlantiki. Septemba akaja Kitchener na mashua za mizinga. Paris na London nusura zipigane kwa ajili ya kijiji ambacho leo kinaitwa Kodok, Sudan Kusini. Wafaransa wakaondoka Desemba, na Machi 1899 wakakubali kwa maandishi kwamba bonde la Nile si lao.

Hofu ikaisha. Mstari haukuisha.

Leopold alikufa Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado ikarudishwa, si kwa wenyewe, bali kwa Sudan iliyokuwa chini ya Waingereza. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ikahamishiwa Uganda, na Arua ikawa makao ya wilaya. Mzee aliyezaliwa Koboko mwaka 1905 alikuwa mtu wa Leopold, kisha wa Sudan, kisha wa Uganda, kabla hajaota ndevu, bila kuhama nyumbani kwao. Upande wa Congo ukafuata mwinuko uliotajwa kwenye mkataba wa 1894, ule unaotenganisha maji yaendayo Nile na yaendayo mto Congo. Kwa mwenye ramani Brussels ulikuwa mpaka mzuri sana. Kwa Walugbara, ulikatiza katikati ya koo.

Kwa hiyo Kifaransa cha Vurra ni cha Wabelgiji, waliowekwa hapa na Waingereza ili Wafaransa wasije. Ajabu hiyo ingechekesha kama isingekuwa na gharama.

Gharama hiyo ndiyo inayopaswa kuzungumzwa Arusha. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, Congo mwaka 2022. Salia Musala, nje kidogo ya Koboko, ambapo nchi tatu zinakutana, sasa ipo ndani ya Jumuiya pande zote. Upo utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, uliobuniwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Lakini haki ambayo mtu hawezi kuisoma hulazimika kuinunua kwa anayeisoma. Asiyetaka kununua huenda njia za panya. Arua inalijua hilo. Vijana wa OPEC hawakuuza petroli ya Congo kwa vidumu barabarani kwa sababu ya kupenda kukimbizana na askari.

Februari 2021 wakuu wa nchi walikubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi nchini. Maazimio hayo yaonekane kwenye dirisha la forodha, la sivyo yamebaki ya hotelini.

Wapo watakaosema Kiswahili West Nile kinanuka kambi ya jeshi, na kwamba upande wa Ariwara watu hupatana bei kwa Lingala, upande wa Kaya kwa Kiarabu cha Juba. Ni hoja ya kweli, na anayedai Kiswahili kitatosha peke yake hajakaa sokoni Koboko. Lakini Kiswahili ndiyo lugha pekee ambayo serikali zimeshaikubali na ambayo wauzaji wengi wa pande hizi wanaielewa japo kwa kuokoteza. Lingala na Kiarabu ziongezwe chini yake, karatasi haijai.

Kazi yenyewe si kubwa. Orodha ya ada na ushuru ibandikwe ukutani Vurra na Oraba, kwa Kiswahili, kiasi kwa tarakimu, pamoja na bidhaa zisizolipiwa. Cheti rahisi cha kuonyesha bidhaa zilikotoka kichapwe kwa Kiswahili upande mmoja na lugha ya ofisi upande mwingine. Na anayelipa apewe risiti anayoweza kuisoma mwenyewe, palepale dirishani, kabla lori halijahama upande.