KAZI ZA NYUMBANI: Kushona Kitambaa cha Jezi kwa Cherehani ya Kawaida

Mafundi wengi walio hodari wa kushona gauni la kitenge au kaptula ya shule hupata taabu siku wanapoletewa kitambaa cha jezi, yaani kile cha fulana kinachovutika. Nguo hutoka katika cherehani ikiwa nzuri machoni, lakini mtoto akiivaa mara ya kwanza na kupenyeza kichwa, uzi hukatika shingoni. Mwenye nguo huja kudai fedha zake, naye fundi hulaumu uzi au cherehani. Mara nyingi vyote viwili havina hatia. Kilichokosekana ni kuijua tabia ya kitambaa chenyewe.

Khaki au kitenge hufumwa kwa nyuzi za namna mbili: mtande uendao kwa urefu, na mshindio unaoukata kwa upana. Nyuzi hizo zimenyooka, na kwa sababu hiyo kitambaa hakivutiki sana. Jezi, kwa upande wake, hufanyizwa kwa vitanzi vilivyoshikana, kama sweta inayofumwa kwa mikono. Ikivutwa, vitanzi hunyooka. Ikiachwa, hurudi mahali pake. Kufuma vitanzi kwa mtambo si jambo geni, maana Mwingereza William Lee alibuni mtambo wa kufuma soksi mwaka 1589. Jina la jezi nalo latokana na kisiwa cha Jersey, kilicho karibu na pwani ya Ufaransa, ambacho kilisifika zamani kwa nguo za sufu za kufuma.

Sasa na ifanywe hesabu ndogo. Mshono wa moja kwa moja ukipigwa katika sentimeta 10 za jezi, uzi wake umelala karibu sawasawa na kitambaa. Kitambaa kikivutwa hadi sentimeta 13, uzi hauna akiba ya kutosha kukifuata, basi hukatika. Kwa hiyo kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: mshono sharti uvutike kadiri kitambaa kinavyovutika.

Wako wanaodhani kwamba bila mashine ya ovaloki kazi hii haiwezekani. Sivyo. Cherehani ya nyumbani yatosha, mradi matayarisho yafanywe kwa uangalifu.

Kwanza, kitambaa kifuliwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kwa kuwa jezi ya pamba hurudi ikiingia maji. Wakati wa kukata, kilazwe chote juu ya meza. Kikiachwa kuning'inia pembeni, uzito wake hukivuta na vipimo huharibika. Upande unaovutika zaidi ndio uzunguke mwili.

Pili, sindano ibadilishwe. Sindano ya kawaida ina ncha kali inayoweza kukata vitanzi na kuacha matundu. Yafaa kununua sindano ya jezi, yenye ncha ya mviringo, ambayo hupita kati ya nyuzi bila kuzitoboa. Namba 75/11 hufaa kitambaa chepesi, na namba 90/14 kile kizito. Uzi uwe wa poliesta, kwa maana una nguvu na huvutika kidogo kuliko ule wa pamba.

Tatu, mshono uchaguliwe. Ikiwa cherehani yaweza kupiga zigizaga, upana uwekwe kati ya nusu milimita na milimita moja, na urefu milimita 2 na nusu. Zigizaga nyembamba namna hii huonekana karibu kama mstari ulionyooka, lakini katika kila kona yake imeficha akiba ya uzi. Kitambaa kisivutwe, meno ya cherehani yaachwe yakipeleke yenyewe. Mguu wa cherehani ukikigandamiza mno, kingo hupanuka na kufanya mawimbi. Basi ulegezwe kidogo. Kitambaa chepesi kikimezwa na tundu la sindano, ukanda wa karatasi laini uwekwe chini yake, kisha uchanwe kazi ikiisha.

Lakini cherehani nyingi za kukanyaga kwa miguu, zilizo barazani katika miji yetu, hupiga mshono wa moja kwa moja tu. Mwenye cherehani hiyo asikate tamaa. Apunguze urefu wa mshono hadi milimita 2 hivi, alegeze kidogo ukazo wa uzi wa juu, kisha akishike kitambaa mbele na nyuma ya sindano na kukivuta taratibu, pande zote mbili sawasawa. Asikivute kwa nguvu, maana sindano itapinda na kuvunjika juu ya bamba. Kazi ikiisha, mshono upigwe pasi yenye mvuke, nao utalala vizuri. Mahali panapovutika sana, kama shingo na kiuno, ni salama zaidi kutia mpira au kumalizia kwa mkono kwa mshono wa kurudi nyuma.

Bega peke yake hutaka kinyume cha hayo. Uzito wa nguo hulivuta siku zote, kwa hiyo utepe mwembamba usiovutika ushonwe pamoja na mshono wake, fulana isije ikateremka mikononi.

Neno la mwisho ni la kukumbukwa kuliko yote. Khaki iliyokosewa yaweza kufumuliwa na kushonwa tena, lakini jezi ikifumuliwa mara nyingi huonyesha matundu, na kitanzi kilichokatika chaweza kuachia vingine kama ngazi ya soksi. Fedha ya kitambaa imepotea, na pengine mteja naye. Kwa sababu hiyo, kipande kidogo cha kitambaa kile kile, au fulana kuukuu, kishonwe kwanza kwa majaribio. Mshono ushikwe ncha zote mbili na kuvutwa kwa nguvu. Ukikatika, hasara ni kipande cha kutupwa, na cherehani irekebishwe tena. Ukishika, mkasi na utiwe katika kitambaa chenyewe bila hofu.