Mpishi na Mchoma Mkaa Nao Waulizwe

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la wakubwa wa Dodoma na Ulaya, kumbe limo humu jikoni mwetu.

Wasomaji wajua ya kuwa Serikali iliagiza kila taasisi inayolisha watu zaidi ya 100 kwa siku iache kuni na mkaa ifikapo tarehe 31 Januari 2024. Mwaka huo huo ukatoka mkakati wa Taifa unaotaka watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mimi nauunga mkono. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka Mlima Hanang, na jirani zetu zaidi ya 80 wakafa. Sisemi mkaa ndio ulioleta msiba ule, lakini tangu siku ile hakuna mtu wa mkoa huu anayeona habari za mvua na milima kuwa ni za darasani tu.

Basi jiko la gesi lilipoletwa shuleni tulishangilia. Aliyeshangilia zaidi ni mama mpishi, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi tangu kabla sisi hatujaanza Kidato cha Kwanza. Walakini jiko lenyewe ni refu. Ugali wa watu mia nne husongwa kwa nguvu za mgongo na mabega, na mama yule sasa husimama juu ya tofali mbili, mwiko mkononi, sufuria ikichemka chini ya kidevu chake. Siku ya zamu yangu nilimwuliza kama hakuona urefu ule kabla jiko halijajengwa. Alinijibu, "Mwanangu, nani angeniuliza mimi?"

Jambo hilo halikunitoka moyoni. Jiko lile lilipimwa na watu wenye elimu, nami nawaheshimu, lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusonga ugali ule.

Tena kuna upande wa pili. Mjomba wangu huchoma mkaa kwa kibali upande wa Magugu. Mkaa huo ndio umenilipia madaftari na viatu. Gesi ikienea, na ienee, yeye atakula nini? Wengine humwita adui wa misitu. Mbona hao hao jioni hununua kopo la mkaa sokoni?

Zamani mfanyakazi wa nchi hii alijua pa kusemea. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliungana katika shirikisho moja, na katibu wake mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Shirikisho lile lilivunjwa mwaka 1964, likafuatwa na NUTA. Leo tunayo TUCTA na vyama vyake, kama CWT cha walimu wetu na CHODAWU cha watu wa hoteli, hifadhi na kazi za majumbani. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka waajiriwa wasiopungua 20 ili kuanzisha chama. Mjomba hana mwajiri. Mpishi anaye, lakini hana kadi ya chama chochote. Hivyo wale ambao mambo haya ya tabianchi yanawagusa tumboni ndio wasio na mlango wa kuingilia.

Si lazima iwe hivyo. Katika Mapatano ya Paris ya mwaka 2015, vyama vya wafanyakazi vya dunia vilishindania sana mpaka yakaingia maneno ya kwamba mageuzi haya yawe ya haki kwa wafanyakazi. Na mwaka 2018 Hispania ilipotaka kufunga migodi yake mingi ya makaa ya mawe, Serikali ilikaa kwanza na vyama vya wachimbaji. Wakapatana: Euro milioni 250, wazee wapumzike mapema na malipo yao, vijana wafundishwe kazi nyingine, wengine wapewe kazi ya kuponya ardhi iliyochimbwa.

Atasema mtu kwamba Hispania ni nchi tajiri. Haya, twende Kilosa. Huko kuna vijiji vilivyogawa msitu wao katika vitalu vya mita 50 kwa 50, kama ubao wa drafti. Kitalu kikivunwa, visiki huachwa vichipue miaka 24. Wachoma mkaa wenyewe ndio wenye kushika utaratibu huo, na ushuru huingia kijijini. Hapo mchoma mkaa ana sababu ya kumzuia mwenzake asikate hovyo, kwa kuwa msitu ukiisha na riziki yake imekwisha.

Maoni yangu basi ni haya. Kabla jiko jingine halijajengwa katika shule yoyote ya wilaya hii, mpishi aitwe apime kwa mkono wake. Wapishi wa shule za Babati waandikishwe katika chama. Wachoma mkaa wajiunge katika ushirika, na TUCTA wasione haya kuketi nao, ingawa hawana mwajiri. Na Halmashauri ikizungumza habari za misitu, wawili au watatu wao wawemo.

Likizo iliyopita nilimweleza mjomba habari hizi. Alicheka kwanza, akidhani namtania. Kisha akaniuliza mkutano huo ni lini, maana kama ni msimu wa kulima atahitaji kuambiwa mapema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne