Kifo Kisicho na Mchawi



Baadhi yenu mmetuuliza, wengine kwa kunong'ona, iwapo inampasa Mkristo kutazama tamthilia zenye mapepo, wachawi na wafu wanaotembea. Juma hili tungependa kulijibu swali hilo kwa kupitia sehemu moja tu ya tamthilia moja. Sisi ni miongoni mwa wapenzi wake, na sehemu hiyo tumeitazama zaidi ya mara moja. Kwa maoni yetu, inasema juu ya kifo ukweli ambao wengi wetu tuliobatizwa tunaukimbia.

Tamthilia yenyewe ni Buffy the Vampire Slayer ya Marekani, iliyoonyeshwa tangu mwaka 1997 hadi 2003 katika sehemu 144. Inamhusu msichana Buffy Summers, anayeigizwa na Sarah Michelle Gellar, aliyeteuliwa kupambana na mapepo na wafu wanyonya damu katika mji wa kubuni wa Sunnydale, California. Mara kwa mara huzuka adui mpya, naye hushindwa kwa ngumi, kwa upanga, au kwa kigingi cha mti kilichochomwa moyoni. Anayeifuatilia huzoea kwamba kila baya lina mwenye kulitenda, na kwamba mtendaji huyo anaweza kutafutwa na kupigwa.

Tarehe 27 Februari 2001 ikaonyeshwa sehemu iitwayo The Body, maana yake "Mwili". Buffy anaingia nyumbani, anamwita mama yake, Joyce, na kumkuta amelala kwenye kochi, macho wazi. Mama huyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa uvimbe katika ubongo na kuonekana amepona. Sasa mshipa wa damu kichwani umepasuka. Binti mwenye nguvu za kuangusha majitu anakikandamiza kifua cha mama yake akijaribu kumrudishia uhai, mpaka ubavu unavunjika. Haisaidii kitu. Hakuna pepo aliyefanya jambo hilo, wala hakuna wa kupigwa.

Joss Whedon, aliyeiandika na kuiongoza sehemu hiyo akitumia kumbukumbu za kufiwa na mama yake mwenyewe, hakuweka muziki wa kuisindikiza simanzi. Buffy anapofungua mlango wa nyuma, sauti za watoto wanaocheza zinasikika, kana kwamba duniani hakuna kilichotokea. Yeyote aliyepata kusimama mlangoni siku ya msiba wake, akashangaa kuona magari yanapita na watu wanacheka njiani, ataielewa saa hiyo bila kuelezwa. Rafiki mmoja anavua na kuvaa mashati, hajui lipi linafaa kwa msiba. Mwingine anapiga ukuta ngumi. Anya, aliyekuwa pepo kwa zaidi ya miaka elfu kabla ya kuwa binadamu, anauliza maswali yanayowakera wenzake, hadi analia kwa kuwa hafahamu jinsi mtu anavyoweza kuwapo na mara asiwepo tena. Mwisho wake ni chumba cha maiti. Mfu mnyonya damu anainuka, Buffy anammaliza, wala hakuna ushindi wowote katika tendo hilo. Shuka linateleza, uso wa mama unaonekana, na Dawn, mdogo wake Buffy, anauliza mama amekwenda wapi. Ananyosha mkono amguse, na kabla hajamfikia sehemu inakoma.

Katika hayo yote sisi tunajifunza mambo matatu.

Kwanza, mtunzi huyo alikuwa na mapepo tele mkononi mwake. Ingekuwa rahisi sana kumtwika mmojawapo kifo cha mama, na watazamaji wangepata kisasi chao kabla ya saa kwisha. Alikataa. Basi ni ajabu kwamba hadithi iliyojaa mashetani ilithubutu kukubali kifo kisicho na mchawi, ilhali sisi tunaokiri imani kila Dominika tunarudi kutoka makaburini tukiulizana, "Nani kamroga?" Swali hilo si porojo za kijiweni. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza bibi vikongwe wameuawa kwa mapanga, wakishukiwa kwa ajili ya macho mekundu, macho ambayo aghalabu yaliharibiwa na moshi wa jikoni. Mwezi Oktoba 2021, huko Kisii nchini Kenya, wanawake wazee wanne waliuawa na umati uliowatuhumu uchawi. Hatuwezi kujidai kwamba katika umati wa namna hiyo hawamo waliobatizwa. Bwana wetu aliulizwa kuhusu kipofu tangu kuzaliwa, kwamba ni nani aliyetenda dhambi, yeye ama wazazi wake, naye akakataa kumtaja mkosaji (Yoh 9). Alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, hakumtafuta aliyewaloga. Aliwaita wasikilizaji wake watubu (Lk 13).

Pili, kuna jaribu la kumrudisha marehemu kwa nguvu. Katika sehemu iliyofuata, iitwayo Forever, iliyoonyeshwa tarehe 17 Aprili 2001, Dawn anafanya uganga ili mama arudi. Ameonywa kwamba huenda atakayerudi asiwe yule waliyemzika. Nyayo zinasikika nje, mlango unabishwa. Buffy, ambaye muda mfupi kabla alikuwa akimkemea mdogo wake, anakimbia kuufungua. Ndipo Dawn anapoichana picha ya mama na kuuvunja uganga. Mlangoni hakuna mtu, nao ndugu hao wawili wanakumbatiana wakilia. Hata mfalme Sauli, aliyekuwa amewafukuza wapiga ramli nchini, alikwenda usiku kwa mwanamke wa Endori kumwita Samweli (1 Sam 28). Kanisa linapokataza ramli na kuwaita wafu (Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116), halifanyi hivyo kwa kuwa halijui uchungu wa mfiwa. Linajua kwamba mwenye uchungu huo humfungulia mlango yeyote anayebisha, na wapo wanaobisha kwa ajili ya fedha yake.

Tatu, swali la Dawn. Whedon amejitangaza hadharani kuwa haamini Mungu, na kwa uaminifu wake mwenyewe aliliacha swali bila jibu. Katika tamthilia yake msalaba huwaunguza wanyonya damu, lakini mashujaa wake hawaulizi habari za Yeye aliyetundikwa juu yake. Umekuwa silaha, haukuwa ufunuo. Tusimcheke. Wangapi kati yetu hutundika rozari garini na kunyunyiza maji ya baraka nyumbani kama hirizi, kisha kifo kinapobisha hodi hatuna la kusema isipokuwa "usilie" na "Mungu kampenda zaidi"? Yesu alijua kwamba dakika chache baadaye angemfufua Lazaro, hata hivyo alilia (Yoh 11). Matumaini ya Kikristo hayakaushi machozi kwa amri.

Jibu letu kwa mtoto huyo lipo, nalo limo katika jina lenyewe la sehemu ile. Buffy anamwambia mlezi wake, Giles, kwamba wameagizwa wasiusogeze mwili, na neno hilo linapomtoka kinywani yeye mwenyewe anashtuka: asubuhi alikuwa mama, sasa ni mwili. Sisi tunakiri ufufuko wa miili. Ndiyo maana tunauosha mwili wa marehemu, tunaupeleka kanisani, tunaufukizia ubani na kuuzika kwa heshima, kwa maana Mungu hajamalizana nao. Marehemu yumo mikononi mwa Mungu, nasi hatumwiti kwa uganga. Tunamwombea katika Misa, na tunamngojea.

Je, tamthilia hizi zitazamwe? Kwa maoni yetu, hazifai kuachiwa watoto wadogo, na anayetafuta ndani yake mafunzo ya uganga aziache kabisa. Lakini mtu mzima mwenye imani iliyokomaa asiogope kufundishwa hata na asiyeamini, pale anaposema kweli. Mapepo ya kwenye runinga yanatutia hofu kidogo kuliko ulimi wa jirani anayetaja jina la bibi kizee matangani.

Basi, juma hili, aendaye msibani akae na wafiwa, apokee ndoo ya maji au kuni, na asiharakishe maneno. Ikisikika minong'ono ya "nani kamroga", Mkristo na awe wa kwanza kuizima, hata kama anayenong'ona ni mzee wa ukoo. Na mtoto akiuliza mama amekwenda wapi, asifukuzwe. Apewe mkono, asaliwe pamoja naye, na aambiwe kweli tunayoiamini.

Raha ya milele awajalie marehemu wetu wote, na Mungu awabariki.

Paroko wenu