Neno Moja la Kihispania Lililonitia Aibu

Wapo wanaodhani ya kuwa mwenye kamusi ndiye mwenye lugha. Hata mimi nilikuwa miongoni mwao, mpaka siku niliyofikwa na makubwa mezani kwa watu, mjini Madrid, nchini Hispania.

Mama mwenye nyumba alinikirimu sana, nikaona si adabu kuondoka bila ya kumsifu. Nikamwelekea mwanawe wa kiume nikasema kwamba mama yake “está muy buena”. Nilikusudia kusema ana moyo mwema. Vijiko vilinyamaza! Kijana akaniangalia kwa jicho la hasira. Kumbe nilikuwa nimetamka, mbele ya watoto wake, ya kwamba mama huyo ana umbo la kutamanisha.

Neno lenyewe ni “bueno”, na kwa mwanamke huwa “buena”. Kamusi yangu ya mfukoni iliniambia maana yake ni “-ema” au “-zuri”, ikaishia hapo. Haikunieleza ya kuwa Kihispania kina vitenzi viwili vya “kuwa”, yaani “ser” na “estar”, na kila kimoja hulivuta neno hilo upande wake. Ukitumia “ser”, mtu ni mwema kwa tabia. Ukitumia “estar”, chakula ni kitamu, mgonjwa amepona, na mtu mzima... basi ndiyo hayo yaliyonikuta. Tena “un buen susto” si hofu njema, bali ni hofu kubwa. Na huko Mexico mtu akiinua simu husema “¿Bueno?” wala hasifu kitu.

Tusiwacheke Wahispania. Sisi nasi tuna “-zima”. Mtu mzima si mtoto, siku nzima ni kutwa, na aliyenusurika ajalini tunasema yu mzima. Mgeni atayajuaje hayo kwa kamusi peke yake?

Kwa maoni yangu, ule mtindo wa kukaririsha wanafunzi orodha ndefu za maneno hauna budi kuachwa. Watu watasema kwamba anayeanza hahitaji mengi. Ni kweli, lakini sentensi ya maneno matatu si mzigo. Lau ningalifundishwa “es muy buena” na “está muy buena” kwa pamoja, siku ile ile ya kwanza, nisingalimvunjia heshima mama wa watu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniokoa. Alicheka, akaniongezea chakula, kisha akaniambia polepole: “Es muy buena.” Akanirudisha mara tatu mpaka nikaweza. Basi, ndugu msomaji, ukimsikia mgeni akikosea Kiswahili chetu, usimcheke ukamwacha njiani. Mfanyie kama nilivyofanyiwa mimi.