Gee's Bend: Watu 208 na Mto Mmoja

Katika Kaunti ya Wilcox, kusini-magharibi mwa jimbo la Alabama, mto unaoitwa kwa jina la jimbo hilo hujipinda hadi kuizunguka ardhi pande tatu. Ndani ya mpindo huo ndipo ilipo Gee's Bend. Tangu 1949 serikali inapaita Boykin, kwa heshima ya mbunge Frank Boykin, lakini wenyeji wamebaki na jina lao. Sensa ya 2010 ilihesabu wakazi 275; ya 2020 ikawakuta 208.

Mahali hapa si mji kisheria. Hapana meya, hapana baraza, hapana bajeti. Maamuzi ya barabara na usalama hutoka Camden, makao makuu ya kaunti, ng'ambo ya mto. Na kwa kuwa sheria ya Alabama inataka angalau watu 300 ndipo jamii iweze kuomba hadhi ya mji, mlango huo umefungwa kwa hesabu tu.

Basi swali huulizwa kwa sauti ya mhasibu: watu mia mbili wanastahili huduma kiasi gani? Swali hilo linaonekana la haki mpaka mtu aulize walivyofikia kuwa mia mbili.

Mwaka 1962 kivuko cha kwenda Camden kilisitishwa, wakati ambapo Weusi wa Gee's Bend walikuwa wameanza kuvuka kwenda kujiandikisha kupiga kura. Weusi walikuwa wengi katika kaunti, lakini mwanzoni mwa muongo ule hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye daftari la wapiga kura. Safari fupi ya majini ikageuka mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari, kwa aliyekuwa na gari. Kivuko kilirudi mwaka 2006. Miaka 44! Ndani ya kipindi hicho, mwishoni mwa miaka ya 1960, bwawa la Millers Ferry liliinua maji ya mto yakameza sehemu kubwa ya mashamba mazuri. Mkulima aliyepoteza shamba na njia ya kwenda sokoni hahitaji kushawishiwa ahame.

Ajabu ni kwamba wapo waliobaki, na sababu yake inafaa kuangaliwa kuliko hata kivuko. Wengi wa wakazi ni uzao wa watumwa ambao Mark Pettway aliwaleta kwa miguu kutoka North Carolina miaka ya 1840. Jina Pettway bado limeenea kijijini. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyewakopesha wakazi alichukua mali zao zote, mifugo, zana, hata chakula. Njaa ikafuata. Miaka michache baadaye serikali ya Rais Roosevelt ilinunua ardhi ya Gee's Bend, ikajenga nyumba, kisha ikawauzia wakazi kwa mikopo nafuu. Kwa hiyo harakati za haki za kiraia zilipopamba moto, wapangaji kwingineko walifukuzwa mashambani kwa kujiandikisha kupiga kura, ilhali mwenye hati ya shamba lake Gee's Bend hakuwa na bwana wa kumtoa.

Huenda mtu akasema ubaguzi wa 1962 hauelezi kila kitu, naye atakuwa na hoja. Wilcox ilimchagua sherifu wake wa kwanza Mweusi mwaka 1978, lakini kivuko kikachelewa miaka mingine 28. Kaunti ni maskini, nayo kura peke yake haijazi hazina. Wala hadhi ya mji isingekuwa dawa: mji mdogo usio na kiwanda wala maduka ungewatoza kodi nani?

Hata umaarufu haukujaza nyumba. Mablanketi ya viraka yanayoshonwa na wanawake wa hapa yalionyeshwa Houston na New York mwaka 2002, na mwaka 2006 yakachapishwa kwenye stempu za posta za Marekani. Miaka kumi na minne baadaye, sensa ikatoa ile idadi ya 208.

Kivuko cha sasa kinatumia umeme tangu 2019. Atakayepima faida yake kwa kuhesabu magari yanayopanda kila siku atakuwa anahesabu waliobaki baada ya miaka 44 ya kunyimwa njia. Kipimo cha haki kingehesabu pia ardhi ambayo familia bado zinaimiliki, pamoja na wale waliohamia mijini ambao wangeweza kurudi iwapo hospitali na mahakama vingekuwa karibu kama vinavyoonekana kwenye ramani.