Tiara ya Mtumba: Tazama Mpini Kwanza

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, tangu Paje mpaka Jambiani, mchezo wa tiara ya baharini si jambo la ajabu tena. Vijana wa huko huuita kaiti. Mtu hujifunga mkanda kiunoni, akasimama juu ya ubao, na tiara kubwa humvuta juu ya maji kwa kamba nne zenye urefu wa mita ishirini na zaidi. Zamani walioucheza walikuwa wageni watupu. Siku hizi wako vijana wetu wanaoufundisha kwa ujira, na wengi zaidi wanaotamani kuujua. Yafaa basi tuseme neno juu ya biashara ya tiara zilizokwisha tumika, maana kijana wa shule hana njia nyingine. Tiara mpya hupita dola 1,000 za Kimarekani kabla hujafikiri habari ya ubao na mkanda. Mzazi anayekataa kuzitoa simlaumu.

Mimi si bingwa wa mchezo huu. Lakini likizo tatu nimemsaidia mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kushona tiara zilizopasuka, na nyingi zililetwa na watu waliozinunua jana yake. Maoni yangu ni haya: anayeanza anunue cha mtumba, wala asione haya; lakini asikubali mpini mkuukuu kwa sababu tu umekuja bure pamoja na tiara, na tiara ya namna ya kale asiichukue hata akiuziwa kwa bei ya fungu la dagaa.

Nianze na hizo za kale. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliomba hati ya uvumbuzi wa tiara ya kujazwa upepo mwaka 1984. Ukingo wake wa mbele una tyubu kama ya baiskeli, ila ndefu na nene, na kwa hiyo ikianguka majini huelea na yaweza kurushwa tena. Lakini tiara zilizouzwa miaka ya mwanzo zilipindika kama herufi C, na ukiusukuma mpini mbali nawe nguvu zake hupungua kidogo tu. Tangu mwaka 2005 hivi zikaenea za namna ya upinde, zilizo bapa zaidi, ambazo ukiuachia mpini hupoteza karibu nguvu zote. Mabingwa wangali wanazipenda zile za C, na ni haki yao. Kwa anayeanza, ile nguvu isiyokatika ndiyo itakayomburuta mpaka ufukweni, tena juu ya mawe. Tiara ya miaka ishirini na zaidi iliyopita, hata ikiwa imelala mfukoni haijaguswa, si yake.

Sasa tuje kwenye mpini. Watu wengi hutandaza tiara mchangani, wakasifu rangi, wakahesabu viraka, kisha wakatoa fedha. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika biashara hii kibaya nacho hujiuza, tena upesi, kwa rangi yake. Mpini hutazamwa mwisho, umesokotewa kamba zake, kana kwamba ni kifungashio. Na humo ndimo kilimo kifyatuo: ukikisukuma, tiara hubaki imeshikwa na kamba moja tu, ikaanguka majini haina nguvu. Chumvi na mchanga hukikaza. Mara nyingi nimeona vifyatuo vinavyofunguka vizuri vikiwa mezani, lakini vikivutwa havitoki. Kwa hiyo jifunge mkanda, mwombe mwenzako avute kamba kwa uzito wake wote, kisha ukisukume kwa mkono mmoja. Kikisita, kiache. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni namba 21853 juu ya vifyatuo vya mchezo huu na jinsi ya kuvijaribu. Mpini uliotengenezwa kabla ya hapo huenda ni mzima, ila huwezi kudai kwamba ulipimwa kwa kanuni hiyo. Kama akiba yako yatosha kitu kimoja kipya, kiwe mpini. Hakikisha tu kwamba ni wa kupatana na tiara yako, kwa kuwa mipini yote haifai tiara zote.

Kamba nazo zina udanganyifu wao. Zile mbili za mbele hubeba mzigo mkubwa, na baada ya muda hurefuka kuliko za nyuma. Tiara ikawa yavutwa nyuma daima, inasita hewani na kuanguka kinyumenyume, na mwanafunzi maskini hudhani ujinga ni wake. Dawa yake ni nyepesi: legeza mkanda wa kurekebishia, funga ncha zote nne pamoja kwenye mnazi, rudi nyuma, uvute. Ukiona za nyuma zimekaza na za mbele zinalegea, kamba si sawa. Kamba yenye fundo katikati nayo ibadilishwe, kwa kuwa hukatikia papo hapo kwenye fundo.

Habari ya kitambaa nitaipitia upesi. Kizima ukikifikicha hulia kama karatasi. Kilicholiwa na jua hulala mkononi kama kanga kuukuu. Kiraka si aibu. Ogopa zaidi mshono wa ukingo wa mbele uliochanika, na vali ambazo gundi yake imeachia kwa joto, jambo la kawaida sana huku kwetu. Ijaze tiara upepo alasiri, ukaitazame tena magharibi. Mwenye kuuza akisema ana haraka ya kwenda uwanja wa ndege, mwache aende.

Naye huyo wa uwanja wa ndege ana jambo jingine. Msimu wa kusi ukiisha, na vilevile kaskazi ikitulia mwezi Machi, wageni huuza vyombo vyao wasije wakalipia mizigo. Huo ni wakati mzuri wa kununua, lakini mgeni mwenye kilo 95 anauza tiara iliyomfaa yeye. Kijana wa kilo 60 katika upepo wa kusi wa maili 15 hadi 20 za bahari kwa saa atatosheka na mita 9 za mraba, pengine 10. Ya mita 14 itambeba kama jani. Ubao ndio uwe mkubwa, kama sentimita 140 au zaidi, na huo waweza kuwa mkuukuu upendavyo mradi haujapasuka.

Wako watakaoniambia kwamba kila mtu na roho yake, na mwenye kununua kibovu ataumia peke yake. Hao nawaomba waende Paje maji yakipwa. Tangu mwaka 1989 hivi akina mama wamelima mwani ndani ya mwamba, kwa vijiti na kamba, na mara nyingi maji hayo hayo ndiyo yanayopitiwa na tiara. Kijana aliyeshindwa kuiachia tiara yake hupita juu ya vijiti hivyo na kamba zake zimetanda kama wembe. Aliyeinama kufunga mwani hana habari. Je, naye alipunguziwa bei?

Wengine watasema maneno haya ni ya wenye fedha. La hasha. Wanafunzi watatu wachange, wanunue tiara moja ya upinde iliyotumika, na mpini mpya. Mmoja akiwa majini, wa pili humsaidia kurusha na kutua, na wa tatu hutazama walimaji wa mwani walipo. Hivyo ndivyo ningependa kuona klabu ya shule yetu ikianza, kama mwalimu wa michezo ataridhia.

Nanyi wazazi, mtakapoombwa mchango huo, msiulize bei tu. Ulizeni kama mtoto amekwisha kufundishwa kujikokota majini kwa tiara bila ubao, na kuzisokota kamba kwenye mpini akiwa kina kirefu, kisha akaikamata tiara imrudishe pwani kama tanga. Kama bado, fedha hizo zilipieni masomo kwanza. Msimu ujao zitapatikana tiara nyingine za kununua.