USUKANI HAUTIBIWI KWA RANGI

Ndugu wanachama wa ushirika, wakulima wenzangu,

Karatasi hii nimeibandika pale pale palipokuwa na tangazo la rangi ya gari. Tangazo lile nimelibandua mimi mwenyewe, kwa sababu sahihi yangu ilikuwamo na sasa naionea haya. Anayetaka kugomba aje agombe na mimi, asimsumbue mlinzi wa ofisi.

Kamati yetu mwezi uliopita ilipitisha fedha za kuipaka pikapu rangi ya kijani na kuandika jina la ushirika ubavuni, ili wageni wakija wasione kutu. Siku hiyo hiyo fundi alikuwa amekwisha kutuambia kwamba shafti ya usukani imekwisha. Tukasema hiyo itangoja mavuno. Jamani, tumempaka wanja mtu aliyepofuka!

Naueleza ugonjwa wenyewe, maana kilabuni nimesikia watu wanasema ati usukani "unacheza kidogo tu." Pikapu yetu ni Toyota ya mwaka 1984, imewazidi umri vijana wengi wanaoipanda. Kutoka kwenye usukani anaoshika dereva kuna chuma kinachoteremka hadi steringi boksi, lile boksi lililofungwa kwenye chesisi. Katikati hapo pana shafti fupi yenye krosi, yaani kiungo kinachopinda kama kifundo cha mkono. Ndani ya krosi mna vikombe vidogo na vyuma vyembamba kama sindano, vinazunguka kwenye grisi. Grisi ikikauka na vumbi likiingia, sindano zinalika na kiungo kinalegea. Dereva anazungusha usukani, chuma cha juu kinakwenda, cha chini kimekaa kinamtazama. Mpaka azidishe ndipo magurudumu yanapata habari.

Mimi si fundi. Kusoma nimejifunza ukubwani, darasa la jioni, benchi moja na mke wangu, naye alinitangulia kujua kuandika. Lakini rula naijua. Gari likiwa limesimama na magurudumu yamenyooka, nilitia alama ya chaki kwenye ukingo wa usukani, nikauzungusha pole pole huku na huku mpaka tairi lilipoanza kutikisika. Vitabu vya matengenezo vya pikapu za namna hii vinaruhusu milimita 30. Ya kwetu imefika 90. Nilipima mara tatu nikidhani rula inanidanganya. Kisha kijana wa fundi akafunua boneti, akaishika krosi kwa mkono huku mimi natikisa usukani. Upande wa juu uligeuka, wa chini ulitulia. Basi ugonjwa ni hapo hapo, wala si kwenye tairodi.

Sasa niwaambie yaliyotokea usiku wa Jumanne, maana wengi mmesikia nusu yake. Mama mmoja wa kijiji hiki alishikwa na uchungu, akapandishwa kwenye pikapu saa 7 usiku kwenda kituo cha afya. Kwenye kona ya chini ya mteremko dereva alikata kushoto. Gari likaendelea moja kwa moja hatua mbili tatu, halafu likakata kwa ghafla, gurudumu la mbele la kulia likachungulia korongoni. Jiwe ndilo lililolizuia. Mtoto alizaliwa salama. Kesho yake baba mtu akaja kwangu na kuku, kuushukuru ushirika kwa kuwa na gari. Kuku yule nimemla kwa taabu sana.

Ndugu dereva anasema ameuzoea usukani wake. Sikatai, ni hodari. Lakini mazoea yake yako mikononi mwake, hayako ndani ya gari. Akiugua malaria nani ataendesha? Yule aliyemsaidia msimu uliopita alitoka garini jasho linamtiririka, akakataa kurudi. Tulimcheka. Tulimcheka mtu mwenye akili.

Yuko fundi wa njiani aliyetudanganya mapema mwaka huu. Alikaza skrubu iliyo juu ya steringi boksi, mchezo ukapungua kidogo, akachukua hela akaenda zake. Skrubu ile ni ya kurekebisha meno ya ndani ya boksi, krosi haihusiki nayo kabisa. Ukiikaza kupita kiasi usukani unakuwa mzito, haurudi vizuri baada ya kona, na meno ya boksi nayo yanaanza kulika. Tulikuwa na mgonjwa mmoja, tukamlipa mtu atuongezee wa pili.

Na wapo wanaosema tuichomelee. Hawa ndio nawaogopa kuliko wote, kwa kuwa neno lao ni rahisi kumezeka. Krosi kazi yake ni kupinda, kwani usukani na boksi havitazamani sawasawa. Ukiichomelea umeifanya gongo. Kila dereva akigeuza, chuma kinalazimishwa, na moto wa kuchomelea umekwisha kukiharibu ugumu wake. Kitavumilia siku, pengine mwezi, kisha kitapasuka bila kupiga hodi. Kikipasuka dereva anabaki na duara mkononi na sisi nyuma na magunia yetu.

Inunuliwe shafti mpya nzima, na mafundi wetu wasikubali kuharakishwa. Kabla ya kutoa ya zamani watie alama, ili meno ya mpya yaingie mahali pale pale na usukani usikae kombo. Bolti inayobana itolewe yote kabisa, kwa maana inapita kwenye mfuo wa shafti, na mwenye kuilegeza tu ataishia kupiga nyundo. Bolti ziwe mpya nazo. Gari liinuliwe kwa jeki, usukani uzungushwe kutoka mwisho hadi mwisho, bolti zikazwe tena baada ya siku chache. Kwa fundi anayejua ni kazi ya asubuhi moja. Asubuhi moja!

Mtasema fedha. Nimemuuliza mweka hazina: fedha za rangi hazijaguswa. Hapa Mbinga hakuna mzee anayeona tuta la ngolo limebomoka akasema nitalishika baada ya mavuno, maana anajua mvua itashuka na shamba la chini litakwenda nalo. Kwenye shamba tunayo akili hiyo. Kwenye gari la wote tunaiacha nyumbani, kila mmoja akidhani ya mwenzake inatosha. Na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, liwe la ushirika au la mtu binafsi.

Nimemwomba mwenyekiti ufunguo ukae kwa mweka hazina mpaka shafti ifungwe. Najua kahawa ipo ghalani na kukodi gari kutatuuma. Wagonjwa nimewaombea gari la kijiji jirani, mafuta tuchangie sisi. Ikiwa siku chache hizi zitaleta hasara, iandikwe kwa jina langu na nisomewe mbele ya mkutano.

Kikao ni Jumamosi saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa ghala. Ajenda ni moja: fedha za rangi zihamishiwe kwenye shafti. Wajumbe waliopitisha rangi pamoja nami waje wainue mikono hadharani kama walivyoinua mwanzo. Rula na chaki nitakuja navyo, gari litakuwepo, kila mtu apime mwenyewe.

Unayesoma hapa, msomee na jirani asiyejua kusoma.

Katibu wa Tawi